Mkeka wa Domisiana

Mume alimwachia Domisiana vitu vitatu: msumeno wa injini, kamba ndefu ya kupandia miti, na jozi ya miiba ya chuma ya kufunga miguuni. Ujuzi alijitafutia mwenyewe. Kibimba nzima ilijua: mti ukimshinda Domisiana, mwachieni Mungu.

Mwaka ule wa vita aliitwa kazini Nyamigogo. Mkaratusi ulikuwa umepasuka shina, ukaiinamia zahanati ya kijiji cha ujamaa, tena upande wa wanaojifungua, na mvua zilishaanza. Shida ilikuwa njiani. Kwenye kizuizi cha barabarani, mgambo walikuwa wakichukua kila chenye injini kwa ajili ya jeshi. Msumeno ukienda, umekwenda.

Domisiana alifunga mzigo kama alivyozoea. Akamwaga petroli yote, akavua mnyororo wenye meno na kuuviringisha guniani, miiba akaichomeka kwenye kipande cha mgomba isije ikamchoma mtu. Turubai hakuwa nalo. Akavilaza vyote ndani ya mkeka, akaukaza kwa kamba juu, katikati na chini, akaupakia kwenye lori la abiria la dereva Gozbert.

Kizuizini, mkuu wa mgambo, Msukuma mmoja mrefu aitwaye Mihayo, alipanda kukagua. Akauona mkeka. Akavua kofia.

“Shikamoo, mama. Pole sana.”

“Marahaba.” Domisiana alifungua mdomo amsahihishe, akaufunga. Nani alimtuma kubishana na mtu anayemwonea huruma?

Abiria wakaangua kilio. Wakati wa vita kila mtu ana wake wa kumlilia. Secilia, muuza chumvi aliyeukalia mkeka ule tangu Kibimba, aliruka kama aliyekanyaga siafu, kisha akalia kuliko wote.

“Unashuka wapi, mama?”

“Nyamigogo.”

“Na vijana wote wako vitani! Nani atachimba kaburi? Gozbert, subiri.” Mihayo akapandisha mgambo wanane na majembe yao, naye akapanda.

Msumeno ulikuwa ukisindikizwa na walewale wa kuuchukua!

Nyamigogo waliushusha mkeka taratibu, kofia mikononi. Domisiana akafungua kamba. Mihayo akafumba macho. Alipofumbua, akaona injini.

“Mama! Umetudanganya!”

“Nilisema nini, mwanangu? Pole umenipa mwenyewe, nami nikaipokea.”

“Hii inakwenda jeshini.”

“Ichukue. Ila kwanza ingia mle ndani ukawaage.”

Wajawazito watatu walikuwa wakichungulia dirishani. Juu yao mkaratusi ulilia kriii. Mihayo akautazama, akamgeukia Domisiana.

“Unataka nini?”

“Petroli kidogo ya Gozbert, na watu wanane wa kuvuta kamba, mti uangukie kule kwenye mihogo. Nilikuwa sijui nitawatoa wapi.”

Akafunga miiba, akapanda hadi juu kabisa, akafunga kamba, akashuka, akawasha msumeno. Wanane walivuta kama ng'ombe wa kulima. Mti ukalala palepale aliposema.

Kesho yake mkeka ulirudi juu ya lori. Kizuizini Mihayo alikuwa amesimama na mkubwa wake kutoka wilayani, mtu wa kupekua hadi vibuyu. Mkubwa akaunyooshea mkeka kidole.

Mihayo akavua kofia.

“Pole tena, mama.”

“Tumeshapoa, mwanangu,” akajibu Domisiana, na Secilia akaangua kilio.