Unga Usioumuka

Jumapili, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Achieng alifunua sufuria ya unga wa mahamri jikoni kwa Bi Mahbuba, Azaiba, mtaa wa pwani katika nchi ya Kiarabu, akakuta haujaumuka. Alikuwa ameukanda tangu jana kwa tui la nazi, hiliki na hamira, kama alivyofundishwa, nao umelala vilevile alivyouacha. Akaukaanga hivyo hivyo. Bi Mahbuba alikula mawili, akasema magumu kidogo lakini chai ipo.

Jumatatu haukuumuka tena. Balqees, binti wa Bi Mahbuba, ni mtu wa ofisini na hapendi mambo ya kubahatisha. Alinunua hamira katika maduka matatu ya barabara kuu, akazijaribu katika vikombe vitatu vya maji ya uvuguvugu. Zote zilitoa povu vizuri. Zikitiwa kwenye unga, zinanyamaza.

Jumanne asubuhi palikuwa na mwanamke amesimama kando ya friji. Alivaa nguo ya sufu, miguu ina vumbi jeupe mpaka magotini, na begani amebeba chano cha mti kilichofungwa kwa kitambaa. Ndani ya chano mlikuwa na unga uliokandwa, bado mbichi. Alisema jina lake Milka, ni katika Wana wa Israili, wametoka Misri kwa haraka na hamira hawakuwahi kutia.

"Hata kwetu kuna Milka," Achieng akamwambia. "Anauza omena. Sogea kidogo nifungue friji."

Milka akasogea. Achieng alipomuuliza anangoja nini, alisema wenzake wameshatangulia, lakini ameambiwa katika nyumba hii kuna mmoja bado hajatoka, na wao hawaachi mtu nyuma.

"Huyo ni mimi," Achieng akasema. "Lakini paspoti yangu iko kwa kabati."

Mambo yalikuwa hivi. Mama yake Achieng alifariki Ijumaa iliyopita huko Siaya. Simu ilipigwa na binamu yake Zachariah, anayechomelea vyuma mtaa wa Ruwi na ambaye habari zote za nyumbani hupitia kwake. Maziko yamepangwa Jumamosi hii. Ili awahi, Achieng alitakiwa aruke Alhamisi usiku, na Zachariah alikwisha mkatia tiketi. Mkataba wake wa kazi, wa miaka miwili, ulikwisha miezi minne nyuma. Paspoti ilikuwa chumbani kwa Bi Mahbuba, kabatini, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na bangili za dhahabu na cheti ambacho Bi Mahbuba mwenyewe alishuka nacho melini alipokuwa mtoto wa miaka sita. Sheria ya nchi inasema mtu akae na paspoti yake. Balqees huikumbusha sheria hiyo mara mbili kwa mwaka. Ila katika nyumba zao paspoti ya msaidizi huwekwa isije ikapotea, na mpaka leo haijapotea hata moja.

Wala Bi Mahbuba hakukataa. "Utakwenda, mwanangu, nani kakuzuia?" alisema. "Ngoja tuimalize harusi ya Shurooq tu. Wiki mbili hizo, kesho na keshokutwa." Shurooq ni mjukuu wake. Wageni mia tatu.

Jumanne hiyo baada ya alasiri Bi Mahbuba aliingia jikoni, akamwona mgeni, akamvutia kiti. Wakashikana mazungumzo kama watu waliosoma darasa moja. Milka alieleza kwamba babu wa babu zao alitoka ng'ambo ya mto Furati na kondoo wake, hana shamba wala mji, na waliomkuta huku wakamwita mtu wa ng'ambo. Jina hilo likashika kwa watoto na wajukuu. Mungu wao hana sanamu, kwa hiyo kuhama naye ni rahisi, habebwi. Kisha ikaja njaa, wakashuka Misri kutafuta nafaka.

"Mlikwenda kwa muda gani?" Achieng akauliza, anamenya vitunguu.

"Tulikwenda kwa njaa moja," Milka akasema. "Tukakaa miaka mia nne. Tulianza wageni, tukaishia kwenye matofali."

"Hee. Nani alikuwa anarinyu hiyo kontrakti?"

"Walikuwa wanatwambia tumalize ghala hili tu."

Bi Mahbuba naye akasimulia walivyotoka Unguja. Maharage ya nazi yalibaki motoni. Mama yake alifunga mlango akauacha ufunguo kwa jirani, maana walijua watarudi wiki ijayo. Huku walikofika, waliitwa watu wa Zinjibari, na baba yake alizunguka mwaka mzima akitafuta sheikh wa kabila wa kumwandikia barua kwamba yeye ni mtu wao. Hadithi hii huisimulia kila Ijumaa, lakini siku hiyo alilia, kwa sababu Milka alikuwa anaitikia mahali panapostahili.

"Sisi tumeamriwa tuikumbuke siku tuliyotoka," Milka akasema, "mwaka kwa mwaka, na mtoto akiuliza aelezwe. Tena tusimwonee mgeni, maana tunaijua roho ya mgeni ilivyo."

"Maneno mazuri hayo," Bi Mahbuba akasema. "Balqees, yaandike."

Balqees akayaandika kwenye simu.

"Basi mpe huyu paspoti yake," Milka akasema.

"Nnampenda kama mwanangu, bibi. Nyumba hii bila ya yeye haisimami."

"Na wao walitwambia hivyo hivyo," Milka akasema. Bi Mahbuba akamwongezea chai.

Jumatano nzima Milka alikaa jikoni. Unga wa nyumba hiyo haukuumuka, wala wa jirani wa kulia. Achieng akautandaza vipande vyembamba juu ya chuma cha chapati, na wanawake wawili walikuja kutoka mtaa wa Madinat Sultan Qaboos kuvionja, wakauliza kama vinaweza kuagizwa kwa harusi.

Alhamisi, saa kumi jioni, bahari ya Azaiba ilifunguka. Maji yalisimama kulia na kushoto, katikati pakawa na njia kavu, pana kama barabara ya magari manne. Watu wa manispaa walikuja na koni za rangi ya chungwa, wakaweka kibao kinachokataza pikipiki. Bi Mahbuba alisema mgeni lazima asindikizwe. Akaenda na Balqees, na Achieng akabeba kiti cha kukunja, mwavuli na chupa ya kahawa.

Milka alipanga chano begani. "Twende," akamwambia Achieng. "Mtu wa mwisho ni wewe."

Achieng akaitazama njia. "Hii inatokea wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ya hapa ni Irani, dadangu. Nikifika huko bila paspoti niseme mimi ni nani? Watanirudisha hapa hapa, na hapa watanifunga."

Milka akafikiri. "Sisi hatukuulizwa," akasema.

"Nyinyi mlitoka mapema."

Kisha Achieng akamgeukia Bi Mahbuba. "Mama, ndege ni saa tano usiku. Ukinipa sasa nawahi."

Bi Mahbuba alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya shela, maana kuagana kulikuwa kunamkumbusha mbali. "Baada ya harusi, mwanangu. Nimeshakwambia. Nimiminie kahawa."

Achieng akammiminia. Milka alisubiri mpaka kikombe kikaisha, kisha akaingia katika njia peke yake bila kugeuka nyuma. Maji yalifunga taratibu baada ya magharibi, na watu wa manispaa wakakusanya koni zao.

Jumamosi mama yake Achieng alizikwa. Zachariah aliunganisha simu ya video, na Achieng akaangalia akiwa ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Bi Mahbuba hakupendezwa msiba upite hivihivi ndani ya nyumba yake. Alitandika mazulia sebuleni, akafukiza ubani, akawapigia jamaa simu, na baada ya alasiri wakaja wanawake kumi na saba kumpa Achieng pole. Walikaa vizuri, walimtaja marehemu kwa heshima, wakazungumza habari za bahari, kwamba siku hizi hufunguka na kufunga. Kila mmoja alimshika Achieng mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika sinia la kahawa.