Rimu Haikopesheki

Baba Rimu alikuwa hana hela mwezi mzima, mwaka mzima, na wala hakuwa mwongo. Hela yake yote ilikuwa imelala chini ya kitanda cha binti yake: rimu nne za aluminiamu zilizoviringishwa magazeti, springi fupi za kushushia gari, shokapu nne ndani ya maboksi yake, na ekzosi ndefu iliyobidi isimamishwe pembeni mwa kabati kwa sababu chini haikuenea. Siti mbili za mbele, zile zinazomkumbatia dereva mbavuni, zilikuwa bado na nailoni yake. Binti alikuwa akikalia mojawapo anaposoma, maana kiti cha kawaida kilishatolewa nje kupisha hizo siti.

Jina la Baba Rimu alipewa na majirani. Kwa haki angeitwa kwa jina la mwanawe kama baba wengine wote. Lakini siku alipokatiza uani na rimu ya kwanza begani, jirani mmoja alipaza sauti, "Hongera baba, mtoto kafanana na wewe kila kitu!" Ua mzima ukaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Basi, jina likaganda, na la mtoto likasahaulika.

Kazi yake ilikuwa kupima malori kwenye ghala la saruji. Lori linapanda mizani likiwa tupu, anaandika. Linarudi limejaa, anaandika. Anatoa hiki kwenye kile, anapiga muhuri. Mtu wa hesabu, tena hesabu safi. Mshahara wake ulikuwa mdogo ila haukuchelewa, na angekuwa mtu wa akiba tangu zamani kama si ndugu. Jamani, ndugu! Kila alipofikisha kiasi cha maana, harufu ilikuwa kama inawafikia. Leo dada paa limevuja, kesho binamu anaoa, keshokutwa mtoto wa shangazi kakamatwa na pikipiki isiyo na leseni. Naye uongo ulikuwa haumkai usoni. Akiulizwa unazo, anatazama chini, na ukishatazama chini umekwisha.

Ndipo akagundua dawa. Hela ikifika kiasi, usiiweke. Nunua kipande. Mwezi huu rimu moja, miezi mitatu baadaye nyingine, na kadhalika. Ndugu akija na shida zake unamwambia "Sina, ndugu yangu" kwa moyo mweupe, macho kwa macho. "Hela inakopesheka," alikuwa akiwafundisha wenzake pale mizani, kidole juu kama mwalimu. "Rimu haikopesheki." Wenzake walimwona mjanja. Hata mimi ninayewasimulia nilimwona mjanja.

Na gari lenyewe la kuvishwa vipande hivyo? Lilikuwa saluni jeupe, kuukuu, limempita binti yake umri. Kila Jumapili alasiri wenye magari walikuwa wanakutana kwenye uwanja wazi nyuma ya soko, wanafungua boneti, wanasikilizishana injini, wanapigana picha. Jumapili ya kwanza aliyothubutu kwenda, jamaa mmoja mwenye miwani alilizunguka gari lake mara moja, akamuuliza kama anayeongea na dereva wa kubeba magunia, "Mzee, unga tushushie wapi?" Alicheka nao. Kisha akarudi nyumbani akalala na viatu. Mtu mzima anaweza kuumizwa na neno dogo kuliko jino bovu.

Tukiongelea jino, la mkewe lilioza mwaka wa pili wa ule mpango wa kulipamba gari kipande kwa kipande. Kwenye daftari la matumizi ya nyumba kulikuwa na kodi, unga, mafuta, maji, umeme, na mstari uliokaa juu ya yote hayo ulioandikwa "kipande". Jino halikuwa na mstari. "Lisubiri mwezi ujao," alisema, na mwezi ujao ukawa wa shokapu. Mwanamke yule alitafunia upande mmoja mwaka mzima, hadi kaka yake akampeleka kuling'oa.

Kaka mtu alikuwa fundi viatu, anakaa chini ya mwavuli karibu na kituo cha mabasi. Baba Rimu alikuwa hamtaki sana. Alikuwa akisema, "Shemeji yangu ana mkono wenye tundu. Miaka ishirini anashona viatu vya watu, baiskeli hana." Na kweli hakuwa nayo.

Mwaka wa nne, mpango ukabakiza rangi na ufundi tu. Mwaka huohuo binti akapata nafasi chuo cha uuguzi. Barua ilikuja Jumatatu. Baba Rimu aliipeleka kazini, akamsomea kila dereva aliyepanda mizani siku hiyo, hata wale wasioelewa lugha vizuri. Alikuwa na furaha ya kweli, msije mkadhani hakumpenda mwanawe. Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili: ada ya muhula wa kwanza ilipwe ifikapo Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Jumanne jioni mkewe alimwekea chai, akakaa mbele yake.

"Mwenzangu, leo Jumanne."

"Najua."

"Ijumaa si mbali."

"Sina hela, mama. Unajua mwenyewe."

"Hela unayo," mkewe akasema. "Mwanao anailalia."

Baba Rimu akaweka kikombe. Akaanza kumweleza kwamba vile vitu ni seti, ukitoa kimoja vilivyobaki vinakuwa vyuma chakavu. Springi bila shokapu zake ni nini? Rimu tatu mtu anazifanyia nini?

"Basi uza vyote," mkewe akamkata.

Jumatano akaomba ruhusa kazini, akapakia vyote, akaenda kwa muuza spea aliyemuuzia zaidi ya nusu ya vitu hivyo. Muuza spea alifungua magazeti, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kila rimu, akagonga ekzosi kwa ufunguo, akabonyeza siti. Kisha akataja bei.

"Mbona umeninyonga?" Baba Rimu akashtuka. "Hata nusu ya hela yangu haifiki!"

"Ni vipya kwako, ndugu. Kwangu ni mtumba. Mimi nitakaa navyo hapa mwaka."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa bunda, akalihesabu, akalifunga mpira na kuliweka mezani. Baba Rimu, mtu wa kutoa hiki kwenye kile, hakuhitaji karatasi. Ilikuwa ada kamili, na ikabaki ya nauli ya kumfikisha binti chuoni. Mkono ulikwenda, nusu ya njia. Halafu akaziona zile rimu zimepangwa sakafuni, zinameta, akaona miaka minne inakwenda na maji siku moja. Akamwona yule jamaa wa miwani. Akajiambia, chuo hakihami. Mwakani watachukua wanafunzi tena. Mwaka ni kitu gani? Yeye amengoja minne na hakufa.

"Acha nifikirie," akasema, na akaanza kupakia upya.

Nyumbani mkewe alitoka mlangoni kabla injini haijazimwa. Aliona siti zimejaa nyuma ya kioo.

"Imekuwaje?"

"Haikutosha."

"Ilipungua ngapi?"

"Nyingi," akajibu. Na safari hii hakutazama chini. Uongo wa kwanza wa maisha yake ulitoka laini kama mtu aliyeuzoea.

Binti alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. "Sawa, baba," akasema. Akashuka ngazi, akamsaidia kubeba rimu kuzirudisha chumbani, akapiga magoti akazisukuma moja moja chini ya kitanda chake. Baba Rimu alitaka kumwambia aache, atazibeba mwenyewe. Akaenda kuleta siti.

Alhamisi mjomba akaja, mikono bado na gundi. Hakukaa.

"Shemeji, dada kaniambia ulikwenda kuuza vitu vyako ukapungukiwa. Hongera kwa kujaribu, si jambo dogo. Sasa ilipungua kiasi gani, tuone tunachangaje?"

"Usijisumbue, shemeji. Nimeshapanga. Ataenda mwakani."

"Mwakani?"

"Mwakani. Mambo ni mipango, shemeji."

Fundi viatu akamtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Akamwomba binti amsindikize. Walichelewa kurudi. Kesho yake, saa nane mchana, binti aliingia na risiti ya chuo yenye muhuri, akaiweka mezani mbele ya mama yake. Mjomba alikuwa amekopa kwenye chama cha mafundi viatu, kulipa kidogo kidogo miaka miwili. Fomu ya mzazi nayo alishaijaza, akaitia sahihi na kuipeleka.

Baba Rimu aliona aibu. Nisimnyime haki yake, aliona aibu hadi masikio yakawaka. Lakini nyuma ya aibu ukaja unafuu, na huo unafuu ukaipita mbio. "Basi muhula wa pili ni wangu," akatangaza. Mama na mwana wakaendelea kupanga nguo kwenye begi.

Binti alipoondoka, kitanda chake kilihamishwa na vitu vyote vikaenda kwa fundi. Wiki sita baadaye gari lilitoka. Lo! Bluu iliyokoza, limelala chini, rimu zimejaa kwenye matairi membamba, likiunguruma mtu anasikia kifuani. Jumapili ile nyuma ya soko watu waliacha magari yao wakaja kwake. Jamaa wa miwani alilizunguka mara tatu, akampa mkono bila mzaha wowote. Baba Rimu alijibu maswali hadi sauti ikakauka. Jumapili iliyofuata mtu mwingine alileta gari jekundu, na watu wakawa kule. Muhula wa pili ulikuwa unakaribia na mstari wa "kipande" sasa ulikuwa unalipa rangi aliyokopeshwa na fundi.

Siku ya wazazi chuoni ilikuwa Jumamosi. Mkewe alikwenda mapema kwa basi na kaka yake. Baba Rimu alimwambia, "Ngoja twende na gari." Mkewe akasema lina kelele, kichwa kinamuuma, akafunga kanga na kutoka. Basi, Baba Rimu akaenda na gari peke yake. Njia nzima alikuwa akijipa picha: wasichana madirishani, na binti yake akiwaambia, yule ni baba. Alitambaa kwenye kila tuta kwa hofu ya kukwaruza tumbo la gari, akafika saa moja na nusu baada ya wengine.

Getini kulikuwa na mlinzi, mama wa makamo, na daftari kubwa. Alimuuliza jina la mwanafunzi, akapekua kadi.

"Wageni wake wameshaingia. Mama yake na mzazi."

"Mzazi gani?"

"Huyu aliyesaini fomu."

"Huyo ni mjomba! Baba yake ni mimi."

"Baba, mimi nasoma kilichoandikwa," mlinzi akasema, si kwa ubaya. "Kama humo kwenye kadi, anakuja mwenyewe kukutambua, nakuandika mgeni, unaingia. Subiri hapo."

Binti akaja na sare nyeupe, nywele kazibana nyuma. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeliona gari?"

Ndilo neno lake la kwanza kwa mtoto asiyemwona miezi mitatu. Binti akatazama nje ya geti.

"Nimeliona. Zuri."

"Haya, mwambie huyu mama mimi ni nani, anasema sijui fomu, sijui nini."

Binti alisogea karibu, akaongea chini chini ili watu wa kwenye foleni wasisikie.

"Ile Alhamisi mjomba hakunirudisha moja kwa moja. Tulipitia kwa muuza spea. Alitaka kujua ulipungukiwa ngapi akuongezee, ili ada utoe wewe. Muuza spea akasema hukupungukiwa kitu. Alikuwekea ada yote mezani, ukaiacha."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nawaza mwakani..."

"Najua."

"Sasa mbona hukusema siku zote hizi?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Foleni ilikuwa imerefuka. Mlinzi akagonga daftari kwa kalamu. "Binti, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu."

"Nani wako? Kuna sehemu ya uhusiano hapa, lazima nijaze."

Binti akamtazama baba yake. Hakuwa na hasira. Hasira angejua pa kuishika. Alimtazama kama mtu anayetafuta neno lililo sahihi na hataki kumwonea mtu.

"Anakaa kwetu," akasema. Akageuka akarudi ndani, walikokuwa mama yake na mjomba wake kwenye benchi, wakimngoja waanze kula.

Mlinzi alikuwa na watu wengine kumi na watano wa kuandika. Akainama, kwenye nafasi ya uhusiano akaandika "mpangaji", akaligeuza daftari na kumpa kalamu.

"Weka sahihi hapo, baba. Ukimaliza, lile gari lisogeze, limeziba njia."

Baba Rimu alilisoma lile neno, akalirudia. Alifungua mdomo aseme limekosewa, lifutwe. Akatafuta wa kumshuhudia, hakumwona. Akaishika kalamu, akatia sahihi.