Blanketi la Mtu Mwingine

Oswaldi alirudi kutoka vita vya Burma na viungo vyake vyote, ila mwenyewe hakuwamo. Lori la Abdala, mwenye duka pale Sumbawanga, lilimshusha kando ya njia, blanketi la jeshi begani. Mkewe Bertilla alipiga magoti akampigia makofi ya salamu, naye akamjibu kama mgeni: "Asante, mama." Jina lake mwenyewe hakulijua. Ukimwita, aligeuka nyuma kumtazama anayeitwa.

Kulima alilima. Mikono ilikumbuka kufukia majani na kuinua matuta ya ulezi, na siku aliyojikata kwa jembe alisema kwa upole, "Kuna mtu ameumia." Njaa ikimshika, kuna mtu ana njaa. Bertilla alimpakulia akala, na watoto, Modesti na wadogo zake, wakacheka.

Ikaja Juni, na baridi ya Ufipa haina adabu. Oswaldi alikaa jikoni kajifunika blanketi lake hadi masikioni, akirudia kutwa kwamba kuna mtu anasikia baridi. Kaka yake, Wilibrodi, akakata shauri.

"Huyu hajijui," alisema. "Asiyejijua atasikiaje baridi? Anayelia ni mwenzake wa vitani aliyeachwa kule bila kaburi."

Sisi ndivyo tulivyo: aliye hai anaweza kusema mpaka akauke koo, lakini maiti tunamsikiliza upesi. Padri hakuambiwa. Pombe ya ulezi ikapikwa, ikamwagwa kando ya shamba, kikachimbwa kikaburi, na ndani yake wakazika blanketi la Oswaldi, ili mfu wa vita apate joto la vita. Bertilla alilikunja mwenyewe, vizuri, kwa furaha ya mtu aliyepata dawa.

Oswaldi akabaki anatetemeka chini ya kaniki ya mkewe. Wimbo ukawa uleule. Kesho yake asubuhi Bertilla akamwuliza mumewe swali ambalo nyumba nzima haikuwa imeliuliza.

"Yuko wapi huyo mtu, Baba Modesti?"

Oswaldi alitazama nyuma ya mlango, akatazama darini. Kisha akaushika mkono wa mkewe, akauweka juu ya kifua chake mwenyewe. Kilikuwa moto, kinakoroma.

"Yuko humu. Simjui, lakini namwonea huruma."

Bertilla alikimbia na jembe. Blanketi lilitoka limelowa, linanuka pombe. Alilikausha motoni huku akilia kwa sauti, akamfunika, lakini kichomi kilikuwa kimeshatangulia. Karibu na adhuhuri kutetemeka kukakoma.

"Huyo mtu amepata joto," alisema Oswaldi. "Mwambie mwenye blanketi, anashukuru sana."

Hakufika jioni. Walimviringisha katika blanketi lilelile. Kabla udongo haujaanza kushuka, Bertilla alipiga magoti ukingoni, akapiga makofi ya salamu, akaufikisha ujumbe aliotumwa.

"Baba Modesti," alisema, "yule mtu anashukuru sana."