Jiko Jipya la Lameck

Mwalimu Isabela alikuwa na shida moja tu hapa duniani, na shida hiyo iliishi Newala peke yake, ikijichotea maji, na ukiigusa inakuwa mbogo. Mama yake mzazi. Bibi Veridiana alishavuka miaka sabini na tano. Mwaka jana aliteleza mteremkoni na ndoo kichwani, akalala ndani wiki tatu bila kumwambia mtu. Lakini kila alipoombwa ahamie Masasi kwa mwanawe, jibu lilikuwa lile lile: "Jiko lako halina mahali pa kukaa."

Aliwahi kuja mara moja, na kigoda chake kwapani, maana hakalii cha mtu. Siku ya tatu alfajiri wakamkuta barazani amejifunga kanga kiunoni, anangoja bodaboda.

Neno hilo lilimkaa Isabela moyoni. Akalitazama jiko lake vizuri. Kweli bwana, kilikuwa kijichumba cha kona, ukigeuka na sufuria unagonga mlango, na dari limekuwa jeusi tititi kwa moshi. Basi! Libomolewe, lipanuliwe mpaka uani. Liwe na madirisha mawili, sinki, gesi, na meza ndefu ya zege yenye vigae kutoka ukuta hadi ukuta. Mama akitaka nafasi, nafasi ataipata, hata akitaka kucheza ngoma humo ndani. Mumewe, Lameck, alikubali siku hiyo hiyo, kwa sababu aliyekuwa akigongwa na ule mlango ni yeye.

Kazi ikabaki kumwambia mama. Isabela akipiga simu, mama anabadilisha mazungumzo, anauliza bei ya korosho. Ikabidi apige Lameck. Sasa, Lameck na mama mkwe wake! Miaka thelathini ya ndoa, na bado akizungumza naye anatazama chini, anachagua maneno machache, tena yaliyopigwa pasi. Siku hiyo alivua kofia ndipo akabonyeza simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, nimeona nikupe taarifa. Nimeamua kuleta jiko jipya humu ndani. Hili la zamani limechoka, siku hizi linatoa moshi tu."

Newala kukawa kimya.

"Isabela anajua?"

"Ndiye aliyelitaka, mama! Amefurahi mno. Ukipata nafasi uje ulione."

Akakata, akajifuta jasho, akavaa kofia yake. Jamani, nani asiyejua mwanamume akisema anavuta jiko ndani ana maana gani? Watoto wanajua! Lakini Lameck aliwaza tofali, na Isabela, aliyesimama pale pale akisikia kila neno, kichwa chake kilikuwa kimejaa vigae. Wala hakushtuka.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amenyamaza. Nadhani furaha imemzidi."

Kesho yake, Jumamosi, akaja fundi Zabroni kutoka Lukuledi. Zabroni hachori jiko kwenye karatasi, anasema kwenye karatasi kila jiko ni zuri. Yeye anaomba majivu. Anachukua futi yake, anachora jiko zima chini uani kwa ukubwa wake halisi, ukuta, mlango, meza, sinki, kisha anamwambia mwenye nyumba aingie apike. Na ole wako upite ukutani! Utarudishwa uingie mlangoni.

Isabela akaingia mlangoni. Akaosha mboga hewani, akakata vitunguu hewani, akasonga ugali hewani mpaka kijasho kikamtoka. Zabroni alipima meza ifike nyongani kwake, asije akainama. Lameck aliketi nje ya ukuta kama mgeni, anapiga makofi anadai chakula.

"Wewe, subiri! Mboga haijaiva."

"Mama Glory, njaa inaniua."

"Kufa, tutakuzika na jiko jipya!"

Wakacheka wote watatu, na katikati ya kicheko hicho bodaboda ikasimama getini. Akashuka Bibi Veridiana. Kigoda kwapani, mkononi begi kubwa, halina kitu ndani, linapepea tu.

"Shikamoo, mama!" Lameck akaruka, kofia mkononi.

Bibi hakuitikia. Alimpita mkwewe kana kwamba ni nguzo ya umeme, akakata ukuta wa jiko, akakata na meza, mpaka mbele ya Isabela.

"Ingia ndani ufungashe nguo zako. Begi hili hapa. Kwetu nyumba ipo, hukuokotwa."

"Mama, kuna nini?"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo jiko jipya!"

Zabroni akakohoa. "Umelikanyaga, mama. Hapo umesimama kwenye sinki."

Bibi akatazama chini. Akaona majivu. Akatazama futi, akatazama kofia iliyokunjwa mkononi mwa mkwewe hata haijulikani tena ni kofia. Isabela ndiye aliyeelewa wa kwanza. Weee! Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakamtoka, kila akijaribu kueleza anarudia tu, "Limechoka! Linatoa moshi!"

"Sikulala mimi!" Bibi akafoka, lakini midomo ilishaanza kumsaliti. "Nasema mwanangu, mwalimu mzima, leo anaambiwa anatoa moshi, na eti amefurahi! Nikasema wamemlisha nini?" Kisha naye kikamtoka kicheko, kile cha zamani, cha kupiga mapaja.

Walipotulia, Isabela akamshika mkono, akamzungusha, akamwingiza mlangoni kama watu wengine.

"Hapa ni nini?" Bibi akauliza.

"Meza ya kukatia mboga. Inafika kiunoni."

"Na hapa?"

"Gesi. Nayo juu ya meza."

Bibi akasimama katikati na kigoda chake, akageuka huku, akageuka kule, kama mtu aliyechelewa kanisani anayetafuta nafasi kwenye benchi. Sauti yake iliposikika ilikuwa ndogo.

"Zuri, mwanangu. Kubwa. Sasa mimi nitakaa wapi?"

Kicheko kikamwisha Isabela. Loo, mwaka mzima alisikia mahali pa kukaa akafikiria mita! Mama yake hajawahi kupika amesimama. Maisha yake yote alimwona kwenye kigoda hicho, miguu ameinyoosha, kinu cha kisamvu ubavuni, mbaazi zinachemka, na watoto wote wamemzunguka. Naye alikuwa anamjengea jiko la kumsimamisha ukutani. Aliona aibu, na alimpenda mama yake kwa uchungu.

Akachukua ufagio.

"Zabroni, meza hii naifuta nusu."

"Mama Glory! Si ndiyo uliyoililia asubuhi nzima?"

"Naifuta!" Na akafagia. "Mama, weka kigoda chako unapotaka."

Bibi alitembea polepole, akachagua kona karibu na mlango, penye upepo. Akakaa. Akanyoosha miguu. Zabroni akachota majivu, akapiga magoti, akachora mstari kumzunguka mama mzima, kigoda na miguu na nafasi ya kinu. Kisha akaweka futi chini, akapima mpaka kwenye kiwiko cha Bibi.

"Sentimita thelathini na nane," akasema. "Hapa jukwaa la chini la zege, urefu huu. Na jiko la kuni lenye bomba, moshi utoke nje."

"Na dirisha hilo lishuke," Bibi akaamuru. "Nimwone anayepita barabarani."

"Litashuka, mama."

Isabela akaketi chini ndani ya mstari, pembeni ya miguu ya mama yake. Palimtosha kabisa.

Bibi akaliokota lile begi tupu, akalikung'uta majivu, akalikunja mara mbili. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka thelathini. Akamtazama mkwewe usoni.

"Baba Glory, begi hili nililileta tupu nije kumchukua mtu. Jumatatu lichukue, uende nalo Newala. Kinu changu kiko nyuma ya mlango."

Lameck akalipokea kwa mikono miwili.

"Na ile shikamoo yako," Bibi akasema, "marahaba."