Kondoo wa Kumkaribisha Isabelino

Nikisikia watu wanajisifu kwamba waliwaunga mkono wanajeshi wetu, natema chini. Nawajua waliounga mkono. Mimi ndiye niliyewachomea nyama.

Hapa Paso Tacuara, kusini mwa mkoa wa Corrientes, Argentina, kondoo wa msalabani ni kazi yangu. Unamchinja, unampasua kifua, unamtandaza kwenye msalaba wa chuma, unamfunga miguu yote minne kwa waya, halafu unamsimika kando ya moto aive polepole karibu nusu siku. Hakuna harusi wala sikukuu inayopita bila hiyo. Kwa hiyo vita vyetu na Waingereza vya kugombea visiwa vya Malvinas vilipokwisha, tena kwa kushindwa kwetu, na mpwa wangu Isabelino Maidana akarudi nyumbani, Bi Perla alikuja kwangu moja kwa moja.

Bi Perla ni mke wa meya, na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Kuwaunga Mkono Vijana Wetu. Tangu Aprili kamati hiyo ilikuwa kazini, kama kunywa chai na kufuma skafu za rangi ya bendera ni kazi. Walifuma, wakapigwa picha wakifuma, wakapigwa picha tena wakipakia skafu kwenye lori. Huko visiwani hakuna kijana hata mmoja wa hapa kwetu aliyeziona. Nilimwuliza Isabelino, akanitolea macho. "Skafu gani, mjomba?"

"Nicanor," Bi Perla akaniambia, hata kukaa hajakaa, "nataka kondoo wa kutosha mji mzima. Tuna mgeni. Luteni wake Isabelino anakuja mwenyewe, na kijana wetu atamkabidhi ngao ya shukrani mbele ya watu."

"Isabelino ameulizwa?"

"Aulizwe nini? Si heshima yake hiyo? Halafu meya keshamtafutia kazi kwenye shirika la umeme. Wewe mwambie tu avae vizuri. Na viatu, jamani, asije na zile ndala."

Ndala alizivaa kwa sababu miguu ilimwoza kwenye mahandaki, akakatwa vidole vya mguu wa kushoto. Bi Perla alilijua hilo. Tatizo ni kwamba bandeji hazipendezi kwenye picha.

Tena vijana wale hawakuletwa moja kwa moja kwa mama zao. Waliposhuka bara walifungiwa kambini kwanza, wakalishwa mpaka mashavu yakajaa, ndipo wakaachiwa. Na kabla ya kutoka wakapewa amri: mliyoyaona kule msiyaseme kwa mtu. Isabelino alirudi na mashavu yake ya kambini, akawa anakaa uani na kutazama kuku. Nyama hagusi. Ukimwuliza habari za kule, anakwambia kulikuwa na upepo.

Dada yangu Orfilia, mama yake, ni mjane, na mtoto ndiye huyo mmoja. Miezi ile yote aliishi kwa redio na rozari. Aliposikia luteni anakuja, alilia kwa furaha.

"Nicanor, yule mwanamume nitambusu mikono," akaniambia. "Kanirudishia mwanangu. Wangapi hawakurudishiwa?"

Nikamwambia vizuri, mbusu. Nilikuwa sijui kitu.

Siku ya sherehe niliwasha moto mapema kwenye uwanja wa klabu, nyasi bado nyeupe kwa baridi. Isabelino akaja kunisaidia. Alinipangia kuni vizuri tu, lakini nilipoanza kumfunga kondoo wa kwanza miguu ya mbele, akasimama.

"Mjomba, usikaze hivyo."

"Nisipokaza ataniangukia motoni."

Nikaukaza waya kwa koleo. Isabelino akaenda nyuma ya rundo la kuni, nikamsikia anatapika. Alitapika mpaka nikaacha kazi nikamfuata. Nilimpa maji, akasukutua, akakaa chini, na ndipo akaniambia, sauti ya chini, kama anamweleza mtu njia.

"Tulikuwa na njaa. Chakula kilikuwepo, kiko bandarini kwenye makontena. Sisi kule mlimani tunakunywa maji moto wanayoita supu. Nikamwua kondoo wa watu wa kule, tukamla na wenzangu. Luteni akajua."

"Akafanya nini?"

Akaelekeza kidevu kwa kondoo wangu. "Akanifunga kama huyo. Vigingi vinne vya hema, kamba mikononi, kamba miguuni, mgongo kwenye tope. Asubuhi mpaka jioni, na theluji inaanguka. Ndege za Waingereza zikija wenzangu wanaingia handakini. Mimi nalala pale naangalia juu."

"Luteni yupi huyo?"

"Huyo wa ngao."

Nilitupa koleo. Nikamwambia moto huu nauzima sasa hivi, na hiyo kamati ikale nyasi.

"Usizime, mjomba. Mama atauliza kwa nini. Sitaki ajue, atakufa yule." Alinishika mkono wa shati. "Nitampa ngao yake, nitarudi kukaa, basi. Ni dakika moja."

"Na mama yako akimbusu mikono?"

Alichukua beleshi akaanza kusambaza makaa. Nami nikaendelea kufunga kondoo, kwa sababu mtoto aliniomba.

Mchana watu wakajaa. Luteni akafika na gari la meya, kijana wa watu, masharubu yamechongwa, ananukia manukato kuliko bibi harusi. Alipita mbele ya misalaba yangu anasugua viganja, akamwona Isabelino amesimama nami.

"Aa, Maidana! Huyu mpeni ubavu mkubwa," akasema kwa sauti ya meza nzima kusikia. "Huyu bwana na kondoo wanajuana."

Akacheka. Meya naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Wakacheka padri, mwenye shamba aliyetoa kondoo, na wanawake wa kamati na nywele zao zilizopandishwa kama vilemba. Dada yangu naye akacheka, maskini, tena kwa fahari.

"Umemjua vizuri mwanangu, bwana luteni. Tangu mdogo anapenda kondoo."

Halafu mtu akaita makofi kwa mchomaji, ndiyo desturi yetu, wakanipigia makofi, nami nikasimama pale mikono inanuka mafuta na sikujua niiweke wapi.

Bi Perla akashika kipaza sauti. Aliongea juu ya nchi, juu ya mashujaa, juu ya skafu. Juu ya skafu aliongea kuliko juu ya waliokufa. Kisha akamwita Isabelino. Mtoto akaenda, miguu imekandamizwa ndani ya viatu vya marehemu baba yake, kila hatua anauma meno. Akachukua ngao, akamnyooshea luteni. Mambo yangeishia hapo. Ile dakika yake moja ilikuwa imekaribia kwisha.

Lakini mwanamke yule hawezi kuacha kitu kikiwa kimetosha. Akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Hebu tuambie kidogo, Isabelino. Luteni aliwatunzaje huko?"

Luteni akatabasamu upande mmoja. "Mwache, Bi Perla, vijana wana haya."

"Sema, mwanangu," akasema Orfilia. Alikwisha kufika mbele, na mkono wa kulia wa luteni alikwisha kuukamata kwa mikono yake miwili. "Usione haya. Sema alivyokutunza, nami nimshukuru kama anavyostahili."

Akainama kuubusu.

Isabelino aliutazama ule mkono. Akaiweka ngao kwenye nyasi. Akapiga hatua mpaka kando ya moto, chini ya misalaba yangu, akalala chali. Akatanua mikono. Akatanua miguu. Akatazama juu. Neno hakusema hata moja. Waliyomwamuru aliyatii mpaka mwisho.

Mtu mmoja akacheka, akadhani kalewa.

"Amka, utachafua shati," Orfilia akasema, bado ameinama. Kisha akamwona kondoo aliyekuwa juu yake, miguu minne, nyaya nne. Akamtazama mwanawe. Dada yangu amezaliwa kwenye nyumba ya wachoma kondoo, hakuhitaji mtu wa kumweleza. Akainua uso kwa luteni.

"Ni wewe?"

"Mama, vitani kuna nidhamu," akasema yule mtu. "Mwanao aliiba."

"Aliiba nini?"

Luteni akatazama pembeni. Hakukuwa na pembeni, kila upande palikuwa na kondoo. "Chakula," akasema.

Orfilia aliuachia ule mkono, akajifuta viganja vyake kwenye gauni, mbele na nyuma. Akaja kwangu, akalichukua koleo, akaanza kukata waya. Sikumzuia. Niliushika msalaba usije ukamwangukia mtoto. Aliukata waya wa mwisho na kondoo akaporomoka kwenye majivu, upande wa pili. Kisha akamwinua mwanawe, akamvua vile viatu palepale, akampitisha mkono begani, wakaondoka wakikata uwanja, mtoto kwa bandeji zake juu ya nyasi.

Nikasema moyoni, sasa watu watainuka. Nikangoja. Padri alikuwa anachunguza sahani yake. Meya alikohoa. Niliwatazama mmoja mmoja, majirani zangu, watu niliokula nao maisha yangu yote, na hakuna aliyesogeza kiti.

"Ni uchovu wa vita," Bi Perla akasema kwenye kipaza sauti. "Tumwombee. Muziki, jamani."

Kodiani ikaanza. Bi Perla akaniinamia, sauti ya upole kabisa. "Nicanor, hebu mwinue huyo kondoo. Ni dhambi kutupa nyama."

Sikusogea. Basi wanawake wawili wa kamati wakaja wenyewe, wakamshika kondoo kwa miguu, wakamlaza mezani, wakampangusa majivu kwa viganja, wakampuliza palipobaki. Wakamkata. Sahani zikapita mkono kwa mkono, kila mtu akachukua chake na kusema ahsante. Luteni alimaliza chake mapema, akaomba aongezewe.