Mgeni wa Kuwashiwa Kiyoyozi

Chizuru alikuwa ameapa kwamba mwaka huu hatagombana na mama yake kwa sababu ya kiyoyozi. Aliapa ndani ya treni kutoka Nagoya, akaapa tena aliposhuka Tajimi na joto la mji ule likamvaa mwili mzima pale pale stesheni. Kiapo kilidumu mpaka mlangoni kwa mama.

Safari hii hakuwa amepiga simu kwanza, na ndiyo sababu alimkuta Bi Fumie jinsi anavyoishi hasa. Bibi mzima wa miaka themanini na mbili alikuwa ameketi barazani, miguu ndani ya beseni la maji, kitaulo kibichi shingoni, akijipepea kwa upepeo wa karatasi. Pazia la matete lilikuwa limeshushwa. Kengele ya upepo ilining'inia kimya, kwa kuwa upepo wenyewe haukuwepo. Ndani ya nyumba kulikuwa kunachemka, na kiyoyozi kilikuwa ukutani kimefunikwa kitambaa cha maua, kimetulia kama mwali anayesubiri kutolewa.

Mama alipomwona alikurupuka, akaanza kuhangaika huku na huko, miguu inachuruzika maji, akitafuta rimoti.

"Ngoja, ngoja niwashe. Mbona hukusema unakuja? Mgeni anaingia na nyumba haijapozwa."

"Mgeni gani, Mama?"

"Si wewe mwenyewe?"

Hapo ndipo Chizuru alipong'amua mchezo wote. Kila Jumapili tangu joto lianze alikuwa akifika na kuikuta nyumba baridi, akarudi Nagoya moyo mweupe na kumwambia mumewe kwamba hatimaye bibi amepata akili. Kumbe bibi alikuwa akipigiwa simu, anawasha, binti anapozwa, binti anaondoka, bibi anazima. Hata saa za treni alikuwa anazijua. Chizuru alijiona mjinga, na hakuna kitu kilichomtia hasira kama kujiona mjinga mbele ya mama yake.

Na haikuwa hasira ya bure. Mwezi wa saba Bi Fumie alikuwa ameanguka bustanini, katikati ya nyanya zake, na kama si jirani yake Bi Orie kwenda kuomba jani la shiso la kutia kwenye mboga, sijui. Daktari alimweleza Chizuru pembeni kwamba mwili wa umri ule hausikii joto tena. Unaungua huku mwenyewe anasema yuko salama. Akaongeza kwamba akianguka tena na hakuna mtu karibu, basi. Hakumalizia. Tangu siku hiyo Chizuru alikuwa akimalizia yeye mwenyewe, kila simu ilipolia.

Isidhaniwe kwamba Bi Fumie alikuwa kituko peke yake. Wazee wa mtaa ule wote ndivyo walivyo. Kiyoyozi ni kitu cha mgeni, kama vikombe vizuri vya kabatini. Anapokuja mtu unawasha, na akienda unafunika. Kujiwashia wewe mwenyewe, mtu mmoja, chumba kizima? Bi Fumie alilitamka jambo hilo kama mtu anayeambiwa aoge kwa maziwa.

"Mimi nina njia zangu," alisema, na akazitaja kwa madaha. Alfajiri anamwaga maji uchochoroni mbele ya lango, na jioni tena, lakini mchana kamwe, maana mchana unajipikia mvuke. Tikiti linalala kwenye maji ya bomba. Adhuhuri anakula tambi nyembamba kutoka kwenye bakuli la barafu. Halafu miguu kwenye beseni, na chai ya shayiri iliyopoa. "Mama yangu aliishi hivyo, na bibi yangu aliishi hivyo."

Chizuru alimjibu kwamba zamani hizo joto lilikuwa joto la binadamu, siyo hili. Mama akasema joto ni joto. Chizuru akasema daktari. Mama akasema daktari yule ni kijana, ana miaka sitini tu. Mazungumzo ya namna hiyo hayana mwisho, na aliyewahi kuwa na mama anayajua.

Basi Chizuru akavua soksi, akaingiza miguu ndani ya beseni kwa ukali, kusudi aonyeshe jinsi jambo lenyewe lisivyo na maana. Maji yalikuwa matamu mno. Ubaridi ulimpanda kutoka nyayoni mpaka magotini, na bila kutaka akashusha pumzi ndefu. Mama alimwona, akamrushia maji kwa kidole gumba cha mguu. Kisha akatoa ile mashine ya mkono ya kukwangua barafu, akazungusha mpini mpaka bakuli likawa kilima cheupe, akamwagia sharubati ya kijani. Wakala wawili, mama na binti, wakitoleana ndimi zilizogeuka rangi. Chizuru alifurahi, na kufurahi kule kukamuudhi zaidi, maana kulikuwa kama kukubali kushindwa.

Alikata shauri. Siku za Obon zilikuwa zimekaribia, zile siku ambazo marehemu hurudi majumbani kwao na kazi zote husimama; akaomba likizo ya ziada, akahamia kwa mama na begi lake. Aliona ametega mtego safi. Mgeni yumo ndani, kiyoyozi hakizimwi, mwenye nyumba anapona.

Siku ya pili asubuhi kitambaa cha maua kilikuwa kimerudi mahali pake.

"Mama, mgeni wako anayeyuka."

"Mtu aliyelala hapa na kuosha vyombo ni mgeni? Wewe ni mtoto wa nyumba. Jipepee."

Chizuru akawasha mwenyewe. Mama alibeba mto wake, akahamia barazani kwenye joto. Chizuru akazima, mama akarudi. Akawasha tena, mto ukatoka tena. Walishinda hivyo mchana mzima kama watoto wanaogombea dirisha, mpaka Chizuru akaenda kujifungia bafuni akaitukana taulo. Alikuwa mtu mzima mwenye watu chini yake ofisini, na hapa alikuwa ameshindwa na bibi asiyefika mabegani pake. Usiku alikuwa akiinuka na kusikiliza kama mama anapumua.

Kisha zikafika Obon zenyewe. Jioni ya kupokea, Bi Fumie aliwasha mabua makavu ya katani kwenye kisahani cha udongo langoni, ili moshi umwonyeshe njia marehemu Kanji, mumewe, baba yake Chizuru, aliyefariki miaka minne iliyopita. Chizuru aliinamisha kichwa kama inavyopasa. Waliporudi ndani, mama alikwenda moja kwa moja chumba chenye kabati la kuwaombea marehemu, akafunga milango ya karatasi, akavuta kile kitambaa cha maua, akakikunja vizuri. Akawasha kiyoyozi. Akakishusha mpaka Chizuru akasisimka mikono.

"Baba yako hawezi joto," alisema. "Unamjua."

Kweli alimjua. Kanji alikuwa mchomaji wa vyungu, siku nzima mbele ya tanuri, na akirudi nyumbani alitaka baridi na kimya. Kiyoyozi kilinunuliwa kwa ajili yake. Lakini Chizuru alisimama pale mdomo wazi. Aliye hai alikuwa anapikwa kama yai, na marehemu anapozwa. Ulimi ulimwasha aseme, ila akaumeza kwa sababu aliona jambo jingine: mgeni haachwi peke yake. Bi Fumie ilimbidi akae naye.

Akakaa. Siku zote zile alishinda ndani ya chumba kile, akimsimulia mumewe nani kazaa na nani kauza shamba. Alikula sahani mpaka chini. Uvimbe wa miguu ukashuka, rangi ikamrudia usoni, na mchana alipata usingizi mzito bila kutokwa na jasho. Walikuwa wakikwangua barafu bakuli tatu, moja wanaiweka mbele ya picha ya Kanji, na ikishayeyuka mama anaichukua na kuinywa, akisema mzee siku hizi anaonja tu. Chizuru alilala usiku mzima bila kusikiliza mtu akipumua.

Siku ya mwisho mchana, redio ikatangaza kwamba wiki inayokuja joto litazidi la wiki iliyopita. Kesho yake asubuhi Chizuru alitakiwa kazini. Alimtazama mama, aliyekuwa akitengeneza ng'ombe wa biringanya kwa vijiti vinne vya miguu, mnyama wa kumrudisha marehemu huko atokako. Rimoti ilikuwa tayari imo mfukoni mwa aproni.

"Mama, tukishamsindikiza Baba, kiache kiendelee. Nakuomba."

"Nimpoze nani?"

Hakuuliza kwa ubishi, na hilo ndilo lililomuuma Chizuru. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

Chizuru alieleza yote upya. Alimkumbusha bustani, daktari, redio, na akaapa kwamba bili ya umeme ni juu yake. Alikuwa anampigia mbuzi gitaa. Mama aliitikia ndiyo, ndiyo, huku akimalizia mguu wa nne, na ndiyo hizo Chizuru alikuwa amezisikia tangu mwezi wa saba.

Jioni walitoka langoni. Uchochoro mzima ulikuwa nje, kila nyumba na kisahani chake na ndoo ya maji kando kwa tahadhari. Bi Orie, upande wa pili, alikuwa ameshawasha na kufumba macho. Bi Fumie alichuchumaa kwa taabu, akamweka ng'ombe wa biringanya kando ya kisahani, akapanga mabua, akawasha. Moshi wa kwanza uliinuka mwembamba. Mkono wake wa pili uliingia mfukoni, ukashika rimoti.

Chizuru aliuona mkono ule. Alichofanya baada ya hapo hakukifikiria hata kidogo. Alinyanyua ndoo akaimimina yote juu ya moto.

Ulilia fss, ukafa. Kisahani kikaelea, biringanya likapinduka miguu juu. Bi Orie alifumbua macho, na majirani wengine nao wakageuka mmoja baada ya mwingine. Katika mtaa ule mtu angeweza kugombana, kuachana, hata kufilisika, na watu wangejitia hamnazo. Lakini kumwagia maji moto wa kumsindikiza baba yako mzazi, hilo halikuwa na mfano. Chizuru alihisi aibu ikimpanda kutoka shingoni, na hasira haikuwa imeshuka bado, kwa hiyo vikakutana.

"Umefanya nini?" mama aliuliza polepole.

"Baba haendi."

"Umemkatia baba yako njia."

"Nimemkatia. Akikasirika mwambie ni mimi." Hakujali tena nani anasikia. "Joto likipungua nitakuja, nitamwashia moto mwenyewe na kumwomba radhi. Mpaka siku hiyo yumo ndani, ni mgeni wako, na usithubutu kumwacha kwenye joto. Siwezi kuja hapa Obon ijayo kuwasha mabua ya watu wawili. Siwezi, Mama."

Alingoja kofi, au angalau yale maneno ya chini chini ambayo mama yake aliyaweza kuliko kofi. Bi Fumie aliinamia kisahani. Aliyaokota mabua, moja moja, akayaminya. Yalikuwa chapachapa. Akamsimamisha ng'ombe wa biringanya, akamfuta maji kwa ncha ya aproni.

"Mwaka jana nilimsindikiza peke yangu," alisema.

Mwaka jana Chizuru na mumewe walikwenda baharini na marafiki, na simu aliyopiga ilikuwa fupi.

"Moshi ulipokwisha nilikaa hapa langoni mpaka watu wote wakaingia ndani. Kisha nikaingia, nikazima. Nyumba ilipata joto upesi sana." Alijaribu kuinuka, Chizuru akamshika kwapa akamsaidia, na kwa mara ya kwanza siku hizo mama alikubali uzito wake ushikwe. "Wewe unadhani nabana umeme."

Upande wa pili Bi Orie alikuwa hajajua aangalie wapi. Bi Fumie alijiweka sawa, akamwinamia kidogo kama ilivyo adabu, akamtangazia kwa sauti ya kutosha mtaa mzima kwamba mzee ameamua kubaki siku chache zaidi, binti yake kamng'ang'ania. Bi Orie alifungua mdomo, akaufunga, kisha akainama naye, akasema anashukuru kusikia hivyo, na kwamba mzee asalimiwe.

Mama akaingia ndani akimwacha Chizuru langoni na ndoo tupu mkononi. Chizuru alibaki pale akisikiliza. Alisikia mlango wa karatasi ukitelezeshwa. Akasikia kiyoyozi kikianza kunguruma, na sauti ya mama yake, ile ya kugombeza ambayo baba aliishi nayo miaka hamsini.

"Haya, sogea kidogo na mimi nipoe."