Faulo ya Mpira Mweusi

"Nimeugusa," Russell alimwambia refa. "Mweusi. Kwa kizibao."

Aliinuka kutoka mezani taratibu, akaisimamisha fimbo yake pembeni ya mguu kama mtu anayesubiri basi, na ukumbi mzima ukanyamaza. Ukumbi mzima, nasema, na hapo najikweza: tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye viti vya plastiki, nyuma ya pazia lililotutenga na meza nyingine, na kutoka kwa jirani ilisikika mipira ikigongana kana kwamba hakuna lililotokea. Refa, mama mmoja mwenye glovu nyeupe, alimtazama kidogo. Hakuwa ameona kitu. Lakini kwenye snuka, mchezo wa mezani ambao mpira haugusiki ila kwa fimbo, mchezaji hujishtaki mwenyewe, na akishajishtaki hakuna wa kumbishia.

"Faulo," akasema. "Pointi saba."

Ilikuwa Aprili, Sheffield, mechi za mchujo za kuwania ubingwa wa dunia. Kila mmoja alikuwa ameshinda fremu tisa, na hii ya mwisho ndiyo ya kuamua. Mezani, ukiacha ule mweupe wa kupigia, ilibaki mipira miwili tu, wa pinki wenye pointi sita na mweusi wenye saba, na Russell alikuwa mbele kwa pointi mbili. Ule wa pinki ulikuwa mdomoni mwa shimo. Hata mimi ningeuingiza, mimi ambaye fimbo yangu ni ile ya kufagilia utando wa buibui. Akiuingiza, ameshinda, na anabaki kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa msimu mwingine. Asipouingiza, anatolewa. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na katika umri huo ukitoka umetoka.

Pointi saba zikaenda kwa Gethin Prosser, kijana wa Wales aliyekuwa akicheza naye. Gethin akaja, akauingiza ule wa pinki, na hesabu ikawa imekwisha. Russell akampa mkono. Watu kumi wakasimama kumpigia makofi mume wangu aliyeshindwa.

Mama yake Gethin alikuwa amekaa kando yangu. Tangu asubuhi tulikuwa tukinywa chai ya chupa yangu, na sasa alinishika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Mumeo muungwana, dada," akaninong'oneza. "Wa namna yake hawazaliwi tena."

Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Maana vile viti ni vifupi. Ukikaa safu ya mbele, macho yako yanalingana na kitambaa cha meza, na mimi nilikuwa nimevikalia miaka kumi na tisa. Russell alipoinama kuufikia mpira mweupe, kati ya kizibao chake na mpira mweusi niliona kijani cha meza, upana wa kidole gumba. Hakuugusa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, watu husema, lakini wangu alikubali kabla hajashindwa. Alidanganya, jamani, na watu wakampigia makofi kwa ukweli wake.

Nilisubiri hasira inipande. Nikasubiri angalau huzuni. Hakikuja kitu. Nilifunga kifuniko cha chupa ya chai, nikakusanya karatasi za sandwichi, nikatafuta pipa la taka. Nakumbuka nililitafuta kwa bidii sana.

Miaka kumi na tisa si mchezo. Tulitoka kwetu Barnsley alfajiri za mvua kwenda Wigan, kwenda Newport, kwenda Milton Keynes, kwenye kumbi za michezo zinazonuka klorini ya bwawa la kuogelea. Wakubwa huonekana kwenye televisheni. Kabla yao kuna watu kama sisi, wanaopepetwa nyuma ya mapazia. Mara mbili Russell alibakiza mechi moja tu afike kwenye televisheni. Mara ya kwanza aliugua tumbo, mara ya pili ncha ya fimbo ikang'oka. Ng'ombe wa maskini hazai. Mimi niliacha kazi ya upishi katika shule ya msingi, kwa kuwa hawakutaka kunipa ruhusa kila mchujo. Niliipenda ile kazi. Niliyajua majina ya watoto wote waliochukia kabichi.

Mabegi yakishaingia kwenye gari, Russell alikuwa akiuliza, "Unakuja?" Nami nikimjibu, "Nani atakubebea sandwichi?" Tulicheka. Kwa marafiki zake alikuwa akisema, "Janice ndiye mwenye snuka yake. Mimi namtembeza tu." Walicheka nao.

Siku ile ya faulo tulirudi bila redio. Njiani, Hoyland, tukasimama kununua samaki na chipsi, tukala garini vioo vikiingia ukungu.

"Pole," nikamwambia.

"Ndiyo hivyo," akasema.

Alimaliza chipsi zake, akamaliza na zangu. Nyumbani alilala kwa muda wa saa kumi na moja mfululizo. Nami nilikaa ukingoni mwa kitanda nikisikiliza anavyokoroma, nikijipima kama mtu anayejibonyeza jino alilochomewa ganzi. Bado hakukuwa na kitu.

Klabu yake ya Barnsley ikaning'iniza picha yake ukutani, na maneno ya dhahabu kuhusu uaminifu. Wageni wakimsifu, yeye hutazama sakafu. Basi watu wakaongeza: mnyenyekevu pia. Siku hizi anafundisha pale Jumanne na Alhamisi, na amenenepa. Mimi nilirudi shuleni kuulizia kazi, nikakuta jiko limefungwa, chakula kinaletwa na gari kikiwa kwenye visanduku.

Ilipita miaka sita kabla hajasema neno. Jumapili moja mchana tulikuwa jikoni, yeye akimenya viazi kwenye sinki, mimi nikikata karoti.

"Siku ile Sheffield," akasema bila kugeuka, "ulikaa safu ya mbele."

"Ndiyo."

Akamenya kiazi kizima.

"Basi uliona."

"Niliona, Russell."

"Na hukusema."

"Wewe je, ulisema?"

Akafungua bomba, akasuuza kiazi ambacho kilikuwa safi tayari. Sauti yake ilitoka ndogo. "Nilikuwa nimechoka, mke wangu. Miaka mitano mizima nilikuwa nimechoka. Sasa ningekwambiaje? Wewe ulivyoyapenda yale maisha, zile safari, zile sandwichi zako. Nikaona bora nitolewe kuliko kukuvunja moyo."

Nikaweka kisu chini. Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa.

"Mimi nilichoka tangu Preston," nikamwambia.

Preston ilikuwa mwaka wetu wa tatu kati ya ile kumi na tisa. Russell alisimama pale, kiazi mkononi, maji yakimwagika bure kutoka bombani, nikamwona anahesabu.